Chagua Ukingo Kabla ya Samaki

Mwanangu, kaa kidogo kabla hujafunga kayaki juu ya gari. Umeniambia mnataka ziwa linalopendeza, lenye samaki, na wewe na rafiki zako ndiyo kwanza mnashika kasia. Hayo matatu hayakutani mahali pamoja kwa urahisi, na ndiyo maana nataka tuzungumze.

Najua moyo wako uko Victoria. Wa kwangu pia ulikuwa huko. Lakini lile ni ziwa la kilometa za mraba zipatazo 68,000. Usiku nchi kavu inapopoa, pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda, na dhoruba za radi huzaliwa humo. Huchukua hata watu waliozaliwa na kulelewa ndani ya mitumbwi. Sangara na sato watakusubiri.

Ziwa la kuanzia ni lile ambalo ukiwa katikati yake unaona ukingo pande zote, na ukichoka unaweza kuufikia upande wowote. Uliza habari za ukingo kwanza. Habari za samaki uliza baadaye.

Mimi sikuuliza. Tulikwenda Naivasha na mwenzangu, asubuhi maji yametulia, tai wala samaki wanalia juu ya miti, na perege wanakula chambo vizuri. Mwenzangu alipoona maji yanaanza kukunjamana alisema turudi. Nikamwambia tungoje mmoja zaidi. Pale upepo wa mchana unajulikana: jua hupasha moto nchi kavu, hewa yake hupanda, na ile ya ziwani huja kushika nafasi. Upepo huo ulitusukuma hadi kwenye mafunjo, na kwenye mafunjo kulikuwa na viboko.

Sikiliza hili vizuri, mwanangu. Mchana kiboko hupumzika kwenye maji ya kina kifupi. Akishtuka hukimbilia kilindini, na ukiwa umekaa kati yake na kilindi, hakuzunguki. Tuliokolewa na mvuvi mwenye boti aliyetuona kwa mbali akaja kutuvuta. Mwenzangu hakunilaumu njia nzima, na kimya chake kile bado kinaniuma. Naivasha si ziwa baya. Ni ziwa la kwenda na mwenyeji anayejua viboko wamelala wapi, na kutoka majini kabla ya saa tano.

Utaniambia basi twende Bunyonyi, kule Uganda. Ni pazuri kweli, visiwa na vilima vilivyolimwa matuta hadi juu, na viboko hakuna. Ila samaki wake ni haba. Watu wengi huishia kula kamba wadogo wa maji baridi. Kwa kupiga kasia tu ningekuruhusu kesho. Au utasema Chala, chini ya Kilimanjaro, lile la maji ya buluu. Kuta zake zimesimama, mahali pa kutokea ni pachache, na limewahi kuwa na mamba. Hapana.

Mimi ningewapeleka Duluti, pale Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Ni kasoko ya volkano iliyojaa maji, ndogo, imezungukwa na msitu wa hifadhi. Kingo zilizoinuka na miti hukinga upepo mwingi. Asubuhi ikiwa safi utauona Mlima Meru. Halina viboko. Samaki wake si wa kupigia picha ya kujisifu, na hilo nalipenda, kwa sababu perege wa kiganja hatamvuta mwanafunzi asahau anga. Kwa kuwa ni hifadhi, pitia ofisini, lipa ada, na uliza wanaruhusu uvuvi wa namna gani kabla hujatoa ndoano.

Siku ya kwanza acha mishipi nyumbani. Najua itawauma. Lakini kuvua ndani ya kayaki ni kugeuka, kuinama na kuvutwa upande, na mwili usiojua kukaa sawa utakupindua. Chukua kayaki pana ya kukalia juu, si ile nyembamba ya kuingiza miguu ndani. Vaa jaketi okozi na ulifunge. Lililowekwa miguuni halimwokoi mtu. Kupinduka kajifunzie kwenye bwawa la kuogelea, maana maji yaliyotulia yenye majani na konokono huweza kubeba kichocho, na sitaki mcheze humo bila sababu.

Mkianza kuvua, mshipi mmoja kwa kila mtu unatosha. Nanga ndogo ifungwe mbele au nyuma, kamwe usiifunge ubavuni, kwa maana upepo ukivuma, kayaki italala. Kisu cha kukatia kamba kiwe mahali mkono unafika. Na mpangane mapema saa ya kurudi, kisha aliye mwoga kuliko wote ndiye aamue kama muda umefika. Msibishane naye.

Rudieni hapo hapo, hata mkichoshwa na mandhari ile ile. Siku nikikuona umepinduka ukajipandisha mwenyewe bila kushikwa mkono, nami nitafunga mzigo wangu twende Victoria, upande wa Mwanza. Hata huko tutavua ndani ya ghuba, karibu na mawe, asubuhi, na mtu wa pale akiwa mbele yetu.