Njia Mbili za Mtunzi

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii huwaangukia mara nyingi vijana wapendao sanaa: mwimbaji huambiwa aimbe tu, na mwigizaji aachane na ala. Katika makala haya twapenda kuichunguza hukumu hiyo. Je, mtu atungaye nyimbo zake mwenyewe, kisha akakubali kusema maneno ya mwingine mbele ya kamera, ameisaliti sauti yake?

Tuyatazame maisha ya Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band jijini Nairobi. Kwa jina la Job Seda alionekana katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, akiwa msaidizi wa mwindaji aliyeigizwa na Robert Redford, na tena katika The Kitchen Toto ya mwaka 1987. Mwaka 1986 alikwenda London. Huko alipiga nyatiti katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, akitegemea sarafu za wapita njia. Hatimaye Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ilitoa albamu yake En Mana Kuoyo mwaka 1993.

Mwalimu wa Kiswahili hatakosa kutambua kwamba Job na Ayub ni jina moja. Anayeitwa Job katika Biblia ya Kiingereza, katika Biblia yetu ni Ayubu. Basi mtu huyu hakubadili nafsi. Alibadili ulimi tu.

Kwa maoni yetu, usaliti hauko katika kusema maneno ya mwingine. Mwigizaji huazima maneno, lakini pumzi ni yake. Usaliti huanza pale mtu anaposahau ni yapi ya kuazima na ni yapi yake. Ogada hakusahau. Katikati ya London aliimba Kijaluo, kwa nyuzi nane za ala ya wazee wake. Tena filamu zenyewe zikamrudia: wimbo wake Kothbiro, maana yake “mvua inakuja”, ulitumika katika The Constant Gardener ya mwaka 2005. Hapo kwanza aliikopesha sura yake kwa hadithi ya wageni. Baadaye wageni walikuja kuazima sauti yake. Fisi alishindwa kwa sababu ya tamaa, wala si kwa sababu ya wingi wa njia.

Huenda msomaji akasema kwamba hiyo ni bahati ya mmoja, na kwamba wengi hufa njaa. Ni kweli, uhuru wa mtunzi una gharama. Lakini hapa yafaa tukumbuke methali nyingine: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii haimsifu mchezaji peke yake, bali yatuagiza sisi tulio kwao. Ikiwa sarafu zilipatikana chini ya ardhi ya London, sisi wa kwao tulitoa nini?

Hapa Bulumbi swali hili haliko mbali. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na Wajopadhola wa Tororo husema lugha iliyo jamaa ya Kijaluo. Wimbo huvuka Busia bila pasipoti. Hata hivyo kijana akishika ala huulizwa kama hiyo italipa karo. Siku ya tamasha la shule hushangiliwa. Kesho yake watu wale wale humwambia aache mchezo.

Ogada alirejea Kenya, akafariki Nyahera, karibu na Kisumu, mwezi wa Februari 2019. Sifa zilimiminika. Lakini sifa za matangani hazimshibishi aliyetangulia. Ndugu walimu, kabla ya kumwuliza mwanafunzi atafuata njia ipi, na tujiulize kama katika hizo mbili tumemwekea hata kibuyu cha maji.