Kesha la Sista: Mungu Huwajengea Nyumba Wanaolinda Uhai

Somo: Kutoka 1:15-21



Kitabu cha Kutoka kinaanza na mfalme mwenye hofu. Waebrania walikuwa wanaongezeka, na Farao akaona dawa ni kuua watoto wa kiume pale pale wanapozaliwa. Kazi hiyo hakuanza kwa kuwapa askari. Aliwaita wakunga wawili, Shifra na Pua. Sasa angalia jambo hili: jina la Farao huyo Biblia haikuliandika, lakini majina ya wakunga yako pale. Mfalme na utukufu wake wote hatajwi jina, na wamama wawili wa leba tunawataja mpaka leo.

Wakunga hawa walimcha Mungu kuliko walivyomwogopa Farao. Hawakuwa na jeshi wala mtu mkubwa wa kumpigia. Walikuwa na mikono yao na zamu yao tu. Watoto wakaishi. Halafu mstari wa 21 unatuambia kwamba Mungu naye akawapa familia zao wenyewe. Waliolinda nyumba za wengine, Mungu akaziangalia nyumba zao. Hapo tunajifunza mambo matatu.

1. Uhai hauna bei

Mimi nilisomea biashara, na kule tulifundishwa kwamba kila kitu kina bei. Hata Farao alikuwa na hesabu yake. Lakini kuna vitu Mungu hajaviweka sokoni, na cha kwanza ni uhai wa mtu.

Farao wa siku hizi haji na upanga. Anakuja na bahasha. Mama amefika leba saa nane usiku bila shilingi, na mwingine amefika na jina la mheshimiwa. Nani ataonwa kwanza? Dawa za wagonjwa ziko stoo, na kuna mtu nje ya geti anasema, "Sista, si tuongee?" Muuguzi akikataa hapo, hakuna anayempigia makofi. Pengine hata wenzake watamwona mjinga. Lakini amesimama pale walipokuwa wamesimama Shifra na Pua, na Mungu yule yule anaona.

2. Utumishi unarudi nyumbani

Tuna mfano hapa hapa Kenya. Anna Qabale Duba ni muuguzi kutoka Marsabit. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba katika watoto 19 wa baba yake, ni yeye aliyepata nafasi ya kusoma. Mtu kama huyo angeweza kusema, "Nimeponyoka, kila mtu ajipange." Alirudi. Kijijini kwao Torbi alianzisha shule ambapo watoto wanasoma na watu wazima nao wanapata nafasi ya kusoma. Akasimama kupinga ukeketaji na ndoa za wasichana wadogo, huku bado ni muuguzi. Mwezi wa Mei 2022, huko Dubai, alipewa tuzo ya wauguzi ya dola 250,000, akichaguliwa kati ya wauguzi zaidi ya 24,000 kutoka nchi nyingi duniani. Alipoulizwa kuhusu hizo pesa, alizungumza juu ya kupanua ile shule.

Umeona? Hakuchagua kati ya wagonjwa na watu wa kwao. Paulo katika 1 Timotheo 5:8 anaonya vikali mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Kwa hivyo sista, nyumba yako nayo ni wadi. Mtoto wako akikuona ukiwa umelala tu kwa uchovu, anahitaji pia siku moja akuone ukicheka naye. Kupumzika na watoto wako hakumpunguzii Mungu chochote.

3. Mungu hujenga nyumba kwa kutumia watu

Hapa sasa naongea na sisi wengine, na tuvumiliane. Mungu alipowajengea wakunga nyumba, hakushuka na saruji. Hutumia watu. Na katika kanisa, watu hao ni wewe na mimi.

Wauguzi wetu wengi hawaonekani ibadani Jumapili mbili, tatu mfululizo. Kwa rejista ya seli wanaandikwa "hayupo". Halafu maneno yanaanza: "Siku hizi fulani amepoa. Pesa zimemwingia." Mpendwa, tukiwa hapa Ijumaa kwa kesha, tukiomba mpaka alfajiri, yeye pia yuko kwa kesha. Sisi tunaombea wagonjwa, yeye anawageuza kitandani wasipate vidonda. Sisi tunakemea mauti, yeye anahesabu matone ya dripu. Asubuhi sisi tunaenda kulala, yeye anaenda kufua yunifomu ya mtoto.

Basi wiki hii tufanye hivi. Kiongozi wa seli, badala ya kuuliza "ulikuwa wapi?", uliza "zamu yako inaisha saa ngapi?" kisha mpange siku ya kwenda kuomba naye. Wamama, kuna watoto wanaoachiwa dada wa kazi usiku kucha. Mmoja wenu anaweza kuwakaribisha chakula cha jioni. Na wewe mume wa muuguzi, sufuria haina jinsia. Mke wako akitoka zamu akute chai moto, hiyo pia ni ibada, na hakuna shetani anayeweza kuipinga.

Kwa kila muuguzi anayesoma haya ukiwa umekaa kwa benchi la wadi: hujatoka kanisani. Umetumwa.

Tuombe: Baba, wabariki wanaokesha juu ya uhai wa wengine. Wape moyo wa kukataa bahasha na nguvu za kurudi nyumbani wakiwa na furaha. Na ukijenga nyumba zao, ututumie sisi. Katika jina la Yesu, Amina.