Mzigo wa Masomo na Maji ya Falaji

Kila mwaka katika nyumba zetu, ziwe za Ibra, Sur au Nizwa, mtoto wa darasa la kumi hutakiwa achague masomo atakayosoma darasa la kumi na moja na la kumi na mbili. Mengine hayana khiari, kama dini, Kiarabu na Kiingereza. Hisabati pia ni lazima, ila kuna ile nzito na ile nyepesi. Fizikia, kemia, baiolojia, historia na jiografia huja kwa kuchagua. Karatasi ni moja tu, lakini ndani yake mna swali ambalo si la walimu peke yao. Ni swali la haki: miaka hii miwili ni ya nani? Ni ya mtoto, ya wazazi wake, au ya nchi inayomngojea?

Tuanze kwa kuwatetea wazazi, kwani khofu yetu haikuzuka hewani. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za mfumo wa kisasa. Wazee wetu waliorudi kutoka Unguja na Pemba baada ya 1964 waliacha nyuma nyumba na mashamba. Mali walioweza kuivusha bahari ilikuwa ni elimu. Aliyekuwa na cheti cha ualimu, uuguzi au ufundi alipata pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa 1986, na sisi ambao leo tuko katika miaka ya hamsini wengi wetu tulikwenda kusomea nchi za nje. Si ajabu basi kwamba tumekua tukiamini kuwa msomi ni daktari au mhandisi, na kwamba mtoto anayeweza kuyabeba masomo yote mazito kwa pamoja, na ayabebe. Lakini milango imeongezeka. Chuo Kikuu cha Nizwa kilianza 2004, na tangu 2020 Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi kina matawi Ibra, Nizwa na Sur. Khofu iliyookoa kizazi kimoja si lazima iwe kipimo cha kizazi cha pili.

Wako wanaosema: basi mwacheni mtoto achague apendavyo. Hoja hii nayo ina kasoro yake. Tangu 2006 nafasi za vyuo hugawiwa kupitia kituo kimoja kinachopokea maombi ya nchi nzima, na kila fani ina masharti yake ya masomo na alama. Anayeiacha hisabati nzito akiwa na miaka 15 huenda akaukuta mlango wa uhandisi umefungwa akiwa na miaka 18. Uhuru wa leo unaweza kuula uhuru wa kesho. Mzazi anayelazimisha humnyima mtoto khiari, na anayenyamaza kabisa anaweza kumnyima vilevile. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Watu wa Dakhiliyah na Sharqiyah wamekuwa na mtihani wa namna hii kwa karne nyingi, ingawa wao haukuwa wa masomo bali wa maji. Falaji Daris ya Nizwa na falaji Al-Jeela ya upande wa Sur ni miongoni mwa falaji tano zilizotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji ya falaji hayagawiwi kwa ndoo, hugawiwa kwa muda. Zamu moja, inayoitwa athar, ni kiasi cha nusu saa. Zamani mchana ilipimwa kwa kivuli na usiku kwa nyota. Maji yanapofika mjini, mahala pa mwanzo ni pa kunywa, na hapo kila mtu huchota. Baadaye huenda kwenye mitende, kisha kwenye mimea ya msimu. Ukija ukame, hupunguzwa ardhi ya msimu ili mitende isalimike, kwani vitunguu hupandwa tena mwakani, lakini mtende uliokauka humgharimu mtu miaka mingi kuupata mwengine.

Kwa mtoto wa skuli, maji ni saa. Hebu tupige hesabu. Siku ina saa 24. Tutoe 8 za usingizi, 7 za skuli pamoja na njia, na 3 za sala, chakula na kuoga. Zinabaki 6. Masomo manne mazito, kila moja saa moja ya kudurusu, ni 4. Twisheni ya saa 2, hesabu imekwisha, na bado hatujagusa Kiarabu wala Kiingereza. Kinachozidi hapo hukatwa kwenye usingizi.

Maji ya kunywa, kwa maoni yetu, ni usingizi, afya na mazungumzo ya nyumbani. Mazungumzo tunayataja kwa makusudi. Kiswahili hakimo katika karatasi ile. Hakina mtihani wala alama, kwa hivyo ndicho cha mwanzo kukatwa. Mtoto anayerudi twisheni saa tatu za usiku hana tena nusu saa ya kukaa na bibi yake, na bibi hatongojea mpaka diploma imalizike.

Mitende ni yale masomo ambayo ukiyaacha, kuyarudia ni tabu. Hisabati hujengwa tabaka juu ya tabaka, na kusoma na kuandika lugha vizuri ni hivyo hivyo. Mtoto mwenye uwezo tungemshauri aishike hisabati nzito hata kama bado hajijui anataka nini, kwani ndiyo inayomwachia milango mingi wazi. Asiyekuwa na uwezo huo asibebeshwe kwa ajili ya jina la ukoo.

Yaliyobaki ni ya msimu, na hapo mtoto awe na hisa yake. Katika falaji, hisa ya mtu haichukuliwi na jirani kwa sababu tu shamba la jirani limestawi zaidi. Basi somo moja angalau liwe lake, asiulizwe faida yake. Binti anayetaka uhandisi akichagua jiografia, nasi tulitaka baiolojia, pana hasara gani? Mhandisi haulizwi baiolojia.

Tena liko jambo tunalolijua sisi wa fani hii. Nguzo haipangiwi mzigo wote inaoweza kuubeba. Huachwa ziada, kwani siku ya upepo haijulikani. Mtoto aliyepangiwa mpaka ukomo wa nguvu zake, homa ya wiki moja humwangusha. Na kwa vile nafasi hushindaniwa kwa alama, masomo matatu aliyoyafahamu barabara huenda yakamfikisha mbali kuliko manne aliyoyashika kwa kucha.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tunaongeza kwamba anayeamua ipi imponyoke asiwe mzazi peke yake. Falaji ina wakili wake, na kazi ya wakili ni kuchunga zamu, maana maji si yake. Mzazi naye ni hivyo hivyo. Kabla ya kutia saini karatasi ile, na tukae na mtoto, tuziandike saa zake zote 24 pamoja, tumweleze ni milango ipi itafungwa na ipi itabaki wazi, kisha tumsikilize mpaka amalize kusema. Pengine atachagua tulivyotaka sisi. Lakini atakuwa amechagua yeye, na mzigo aliouchagua mtu mwenyewe hubebeka.