KUKETI KWANZA, NDIPO KUJENGA
(Luka 14:28–30)

Mjenzi wa mnara hachekwi kwa sababu ya umaskini wake, ila kwa kuwa hakuketi. Msingi aliuweka; hesabu hakuifanya. Basi na tuwatazame vijana wetu wa Kidato cha Tatu.

Baba asema, “Mwanangu atakuwa mganga wa hospitali.” Ni neno jema. Lakini kijana huyo alikwisha kuacha Fizikia na Kemia alipoingia kidato hicho, wala nyumbani hakuna aliyemwuliza. Mawe ya mnara yamekwisha kupunguka, na baba angali akiwaita jirani waje kuutazama! Mtihani wa Kidato cha Nne huja Novemba ya mwaka unaofuata. Tukingoja matokeo ndipo tuanze kufikiri, tumechelewa.

Ninyi waalimu wa dini, ketini nao sasa, pamoja na wazazi. Mwulizeni kila mmoja masomo yake, na ada ya njia anayoitaka. Kiko Kidato cha Tano. Viko vyuo vya uuguzi, navyo hutaka Kemia na Biolojia. Viko vyuo vya ufundi vya VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994. Wengine hudharau ufundi. Sababu siioni, maana Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala.

Na binti je? Mara nyingi hesabu yake hufanywa na shangazi anayetafuta mtumishi wa nyumbani mjini, au na mposaji. Huyu mwulizeni wa kwanza, tena mbele ya baba yake.