Aliyeonya Hakusikiwa, Watoto Wakaumia

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli twasoma habari za nabii Nathani, aliyetumwa na Mungu kumwambia mfalme Daudi neno ambalo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kulitamka mbele yake. Nathani hakuanza kwa kumlaumu mfalme. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akaghadhibika, akamhukumu tajiri yule. Ndipo nabii alipomwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Mfalme alikuwa na uwezo wa kumfunga Nathani au kumwua. Hakufanya hivyo. Aliungama kosa lake.

Wapenzi wasomaji, yafaa tuyakumbuke Maandiko hayo kila tunaposikia habari za washauri. Siku hizi serikali nyingi, na mashirika ya dini pia, huwaita watu wenye ujuzi waje kutazama jinsi wanavyotunzwa yatima, watoto waliotupwa na watoto waliofikishwa mahakamani, kisha watoe shauri la kutengeneza yaliyoharibika. Wengi wetu huwadhania watu hao kuwa ni waandishi wa karatasi tu: wanakuja, wanauliza maswali, wanakwenda zao. Leo twapenda kuonyesha, kwa habari iliyotokea kweli, kwamba maisha ya watoto huweza kutegemea neno la mshauri mmoja, na zaidi tena, masikio ya wale wanaoambiwa.

Mshauri huyo ni Padre Edward Flanagan. Alizaliwa Ireland mwaka 1886, katika wilaya ya Roscommon, akapewa Upadre mwaka 1912 mjini Innsbruck, nchi ya Austria, kisha akaenda kufanya kazi katika jimbo la Omaha, Marekani. Hapo mwanzo hakushughulika na watoto. Alifungua nyumba ya kuwalaza wanaume wasio na kazi wala makao. Aliwalisha, akawasikiliza, na kwa kuwasikiliza akatambua jambo moja: wengi wao walikuwa wameanza kupotea tangu utoto, katika nyumba zilizovunjika au zilizokosa upendo. Akaona kwamba anahangaika na miti iliyokwisha kupinda. Heri aende kwenye miche.

Basi tarehe 12 Desemba 1917 alipanga nyumba mjini Omaha kwa dola 90 za kukopa, akaanza na wavulana 5, baadhi yao wakiwa wametoka mikononi mwa mahakama. Mwaka 1921 alinunua shamba nje ya mji, na hapo pakakua kijiji kiitwacho Boys Town, yaani Mji wa Wavulana. Kijiji hicho hakikuwa na ukuta wala uzio wa kuwazuia watoto wasitoroke. Walipokewa watoto wa kila rangi na kila dini, katika miaka ambayo sehemu nyingi za Marekani zilitenga watu kwa rangi zao. Wavulana walisoma, wakajifunza kazi za shamba na za mikono, wakamchagua kwa kura meya wao wenyewe. Fundisho la Padre lilikuwa fupi: hakuna mtoto aliyezaliwa mbaya, yako malezi mabaya, mifano mibaya na mazingira mabaya.

Ndiyo sababu aliposema juu ya watoto alisema kama fundi anayeijua kazi yake. Mwaka 1947 serikali ya Marekani ilimtuma Japani na Korea kutazama hali ya watoto walioachwa yatima na vita, naye aliporudi akampelekea Rais Truman taarifa yake. Mwaka 1948 alitumwa Austria na Ujerumani kwa kazi hiyo hiyo. Huko, mjini Berlin, alishikwa na ugonjwa wa moyo, akafa tarehe 15 Mei 1948, akiwa na umri wa miaka 61. Kifo kilimkuta akiwatafutia makao watoto wa watu wengine.

Lakini safari tunayotaka kuikazia ni ile ya mwaka 1946, alipokwenda kuitembelea nchi yake ya kuzaliwa. Sifa zake zilikuwa zimeenea duniani, hasa tangu mwaka 1938 ilipotoka sinema juu ya kijiji chake. Watu walimpokea kwa shangwe, wakajaa kumsikiliza. Bila shaka wengi walitazamia kusikia maneno matamu juu ya nchi takatifu ya Ireland. Walisikia mengine.

Siku zile Ireland ilikuwa na shule nyingi za kazi na za kurudi, ambamo mahakama ilipeleka watoto. Wengine walikuwa wameiba kitu, wengine walikuwa watoro wa shule, lakini wengi sana kosa lao lilikuwa umaskini wa wazazi wao. Nyumba hizo ziliongozwa kwa sehemu kubwa na mashirika ya watawa, na serikali ililipa fedha kwa hesabu ya kila mtoto aliyekuwamo. Padre Flanagan alizipata habari za mapigo na ukatili uliotendeka ndani ya nyumba hizo. Akasimama mjini Cork mbele ya umati wa watu, akasema waziwazi kwamba nyumba hizo ni aibu kwa taifa. Tena hakuishia kwa wakubwa. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba wao ndio wanaoruhusu watoto wao na watoto wa jirani zao wapelekwe mahali pa adhabu namna ile, na kwamba uwezo wa kuyakomesha hayo wanao.

Jibu lilikuwa nini? Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Waziri wa Sheria, Gerald Boland, alisema bungeni kwamba maneno ya Padre yametiwa chumvi mno, wala yeye haoni sababu ya kuyajali. Mshauri aliyeaminiwa na serikali ya nchi kubwa hakuaminiwa kwao. Mambo yakaendelea kama zamani.

Ndugu wasomaji, tujiulize ni kitu gani kilichoziba masikio ya watu wale, ambao walikuwa Wakatoliki kama sisi, wakisali Rozari jioni na kujaza makanisa siku ya Dominika.

La kwanza lilikuwa heshima isiyo na macho. Waliwaheshimu watawa, na vema. Lakini heshima yao ilifika mahali pa kudhani kwamba mtu aliyevaa kanzu hawezi kumdhulumu mtoto, na kwamba kumkagua ni kumtukana. Mkaguzi aliyekwenda akiwa ameinamisha macho aliona sakafu iliyosuguliwa, asimwone mtoto aliyesimama juu yake.

La pili lilikuwa fedha. Malipo yakitolewa kwa hesabu ya vichwa, nyumba yenye vitanda vitupu hupata hasara. Kwa hiyo kumrudisha mtoto kwa mama yake, jambo ambalo lingekuwa furaha ya kila mlezi, likawa pungufu katika daftari. Mshauri mwenye akili hutazama mambo kama haya kwanza, maana utaratibu mbaya huweza kupotosha hata watu waliokuja na nia njema.

La tatu, ambalo ndilo ovu kupita yote, lilikuwa dharau kwa mtoto wa maskini. Watoto wale hawakuwa na mjomba serikalini wala baba mwenye kalamu. Mtoto alipolia, ilisemwa kwamba ni mwongo. Alipotoroka, alirudishwa na polisi na kupigwa tena.

Wazee wetu walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi watu wazima twapenda sana kuwaambia vijana methali hiyo. Lakini katika habari hii waliokataa kusikia ni wakubwa, na guu lililovunjika ni la mtoto.

Ukweli haukuzikwa daima. Mwaka 1970 kamati iliyoongozwa na hakimu Eileen Kennedy ilishauri kwamba utaratibu ule wa nyumba kubwa ukomeshwe. Mwaka 1999 Waziri Mkuu, Bertie Ahern, aliwaomba radhi kwa jina la taifa wale walioteswa humo utotoni. Mwezi wa Mei 2009 tume ya uchunguzi ikatoa taarifa yake katika vitabu 5. Tume ilikuta kwamba mapigo na hofu vilikuwa desturi katika nyumba nyingi, kwamba watoto waliachwa na njaa na bila matunzo, na kwamba katika nyumba za wavulana uchafu juu ya miili ya watoto ulienea na kufichwa. Ilikuta pia kwamba wizara iliyopaswa kukagua ilishindwa kwa kuwaogopa na kuwanyenyekea wenye nyumba. Toka Padre Flanagan aliposema mjini Cork hadi siku ile, miaka 63 ilikuwa imepita. Watoto wa mwaka 1946 walikuwa wazee, na wengine walikuwa wamekufa bila kuaminiwa na mtu.

Yatuuma kuyaandika haya katika gazeti la Wakatoliki, maana waliotenda ni ndugu zetu katika imani. Lakini mficha maradhi, kilio humwumbua. Tena tutambue kwamba aliyeonya naye alikuwa Padre, mwana wa nchi ile ile na wa Kanisa lile lile. Upendo wake kwa Kanisa ndio uliomfanya aseme. Mwaka 2012 jimbo kuu la Omaha lilianza rasmi uchunguzi wa maisha yake ili, Mungu akipenda, atangazwe mwenye heri.

Sasa tuigeuze taa hii tuielekeze nyumbani kwetu. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Imeweka Mahakama ya Watoto, ambayo husikiliza mashauri faraghani, afisa wa ustawi wa jamii akiwapo, na mzazi au mlezi ana haki ya kuwapo. Imeagiza kwamba mtoto aliye kizuizini asichanganywe na watu wazima. Imekataza mtoto asihukumiwe kifungo cha gerezani. Hakimu anazo njia nyingine, kama kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka katika shule ya maadilisho. Hali kadhalika imempa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au ya kijiji akijua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Washauri na wataalamu wamesaidia kuyafikia hayo, nasi twashukuru.

Lakini sheria ni kama jembe: haliingii shambani lenyewe. Je, baba, mwanao akikamatwa kwa wizi wa simu, utakwenda kusimama naye mahakamani, au utasema huyo si mwanangu tena? Je, mama, jirani akimwunguza mkono mtoto wa kambo, utalipeleka jambo hilo kwa mwenyekiti wa mtaa, au utafunga dirisha? Je, ninyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mnaowatembelea wagonjwa kwa moyo mwema, mmewahi kuuliza kama kuna mtoto wa parokia yenu aliye mahabusu? Nasi tulio na mabweni na makao ya yatima, akija mkaguzi na kutuonyesha kasoro, tutamkaribisha kama Daudi alivyomkaribisha Nathani, au tutamwambia ametia chumvi?

Najua wako watakaosema: vijana wa siku hizi wamezidi, bila fimbo hawatengenezeki, na samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli kwamba mtoto asiyerudiwa hupotea, na Padre Flanagan hakulea wavulana wake bila kanuni. Walikuwa na kazi, na saa, na sala, na adhabu pia kwa aliyevunja sheria ya kijiji. Lakini methali yasema samaki mkunje, haikusema mvunje. Anayemkunja samaki hutumia mkono wa taratibu, kwa kuwa amtaka mzima.

Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 18, yatuambia kwamba wanafunzi walipomwendea Yezu Kristu na kumwuliza nani aliye mkubwa, alimwita mtoto mdogo akamsimamisha katikati yao. Hakumweka pembeni, wala nyuma ya mlango, mahali ambapo watoto wa shida huwekwa mara nyingi. Kisha akawapa onyo zito kupita karibu yote tuliyonayo katika Injili, juu ya mtu amkosesha mmojawapo wa wadogo hawa. Nchi inayomweka mtoto katikati haitaona haya kuambiwa makosa yake, maana kila kosa linaloambiwa mapema ni mtoto mmoja anayeokoka.

Basi wiki hii, tunaposali pamoja jioni, kila jamaa imwombee mtoto mmoja asiye na wa kumwombea, aliye mahabusu, barabarani, au katika nyumba isiyo yake. Na kesho yake, mmoja wetu ainuke aende akamtazame. Mungu atupe masikio ya Daudi, na awape washauri wetu ulimi wa Nathani.