Ukungu si Uozo

Kila apandaye mamumunye ajua kwamba kibuyu hakipatikani kwa haraka. Tunda huachwa juu ya mmea hata kikonyo kikauke, kisha hukatwa na kuwekwa mahali penye kivuli na upepo, lisigusane na mengine. Hapo hukaa majuma mengi, pengine miezi. Maji yaliyomo hupenya ganda polepole, na kwa unyevu huo ukungu mweusi na mweupe huota juu yake, hata tunda laonekana kuwa kitu cha jalalani.

Sisi wenyewe tulipata kulitupa moja. Jirani yetu, mama mzee, akaliokota, akalitikisa. Mbegu zikalia ndani. Akalilowesha, akalisugua kwa majani ya msasa, akalitoboa shingoni, akatia maji na changarawe kuusafisha utumbo wake, tena akalijaza maji siku kadha wa kadha hata uchungu ukatoka. Kibuyu kile kikamtumikia miaka mingi.

Tangu siku ile twajiuliza: Je, watu nao twawatupa vivyo hivyo? Mtu wa sharika aonekana ana waa, naye haji kanisani, mara twasema, “Huyu ameoza.”

Mtu atajibu, “Lakini yako yaozayo kweli.” Ndiyo, yako. Tunda lililooza hubonyea na kuvuja, nalo hutengwa mapema lisiyaharibu mengine. Wala hatusemi kanisa liache kuwarudi wakosaji. Lakini mkulima hatambui uozo kwa kutazama tu. Hulishika tunda mkononi, hulipima uzito, hulitikisa na kutega sikio. Asimamaye mlangoni huona ukungu, na zaidi ya hapo hajui neno.

Katika Mathayo 13 Bwana wetu asimulia habari za mwenye shamba aliyewazuia watumwa wake wasing'oe magugu kabla ya mavuno, wasije wakaing'oa na ngano. Watumwa wale walikuwa na bidii, lakini bidii yao ingaliharibu shamba.

Basi, enyi walimu na wazee wa kanisa, kabla hamjalifuta jina la mtu katika kitabu cha sharika, nendeni nyumbani kwake. Ketini naye, msikilizeni, mrudi tena mwezi wa pili na wa tatu. Huenda mkasikia mbegu zikilia ndani. Nasi tuliotupa kwa haraka, na tutoke leo tukawatafute tuliowatupa, kabla jua halijachwa.