Nani Amsemee Nani?

Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini sikuielewa hadi jioni moja ya Machi 1996, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo kikuu kimoja nchini Uingereza.

Chuo kile kilikuwa na desturi ya kuadhimisha wiki ya utamaduni wa mataifa. Mwaka ule waandalizi waliiunganisha na Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, kwa kuwa ilikuwa imepita miezi sita tu tangu mkutano wa Beijing wa Septemba 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tulijiona ndio wenye shughuli. Tukagawana kazi. Mimi nilipewa mhadhara juu ya nafasi ya mwanamke katika utamaduni wetu. Dada zetu watatu walipewa pilau, sambusa na kachumbari ya watu mia moja. Nani aliyegawa? Hakuna anayekumbuka. Kazi zilijigawa zenyewe, kama maji yafuatavyo mkondo.

Nilizungumza dakika arobaini. Hoja niliyojivunia kuliko zote ilihusu lugha. Niliwaambia wasikilizaji kwamba Kiingereza kina neno la kumtaja mwanamume na jingine la kumtaja mwanamke, bali Kiswahili husema "yeye" tu. Tukisema "anakuja", haijulikani kama ni baba au mama. Nikahitimisha kuwa watu ambao lugha yao haibagui, wao pia kwa asili yao hawabagui, na kwamba dharau kwa mwanamke ililetwa na wageni. Nilipigiwa makofi mengi.

Baadaye nikaenda jikoni kuchukua sahani yangu. Dada mmoja, mwenyeji wa Tanga, alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria. Nikamwuliza kama aliusikia mhadhara.

"Nimeusikia vipande vipande, kaka, kila mlango ulipofunguliwa," akajibu. "Umesema vizuri. Ila nieleze jambo moja. Lugha hiyo isiyobagua, mbona wewe unaoa na mimi naolewa?"

Sikuwa na jibu. Akaongeza, bila hasira, "Ungeniuliza mapema, ningekwambia."

Tangu siku ile nimelitafakari neno lake mara nyingi. Kuoa ni kutenda, kuolewa ni kutendwa. Mtoto hujifunza tofauti hii kabla hajajua kusoma, wala hapana mgeni aliyetuletea. Lakini kosa langu kubwa halikuwa la sarufi. Mtu akikosea juu ya lugha husahihishwa, mambo yakaisha. Kosa langu lilikuwa kumsemea mtu aliyekuwa hatua ishirini kutoka niliposimama, mwenye mdomo wake na akili yake, na kazi niliyomwachia ndiyo iliyomzuia kuja kunisahihisha.

Je, ina maana kwamba mtu asimsemee mwenzake kamwe? Siafiki. Kwa miaka 27 ambayo Nelson Mandela alikuwa kifungoni, wengi walimsemea katika miji asiyoweza kufika, nao walitenda haki. Mtoto mchanga husemewa, mgonjwa asiyejiweza husemewa. Tukinyamaza wote kwa kuogopa kukosea, wanyonge ndio watakaoumia kwanza.

Wala haitoshi kusema kwamba juu ya wanawake waseme wanawake tu. Julai 1985 maelfu ya wanawake walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kongamano la mashirika yasiyo ya kiserikali, lililokwenda sambamba na mkutano wa Umoja wa Mataifa. Walibishana kwelikweli. Wapo waliotaka izungumzwe haki ya mwanamke peke yake, siasa ziwekwe kando. Wengine waliuliza mwanamke anayeishi chini ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, au Mpalestina asiye na nchi, atafaidi usawa huo wapi. Lilipigwa hata hema la amani ili waliohasimiana wapate mahali pa kukaa na kusikilizana. Mabishano yale yalionyesha kwamba wanawake hawana sauti moja. Hata dada yangu wa Tanga hakuweza kuwasemea wote, na sidhani kama alitaka.

Kipimo nilichobaki nacho ni kidogo, nami nakitoa kwa msomaji akipime. Kabla sijamsemea mtu, nijiulize: je, yeye mwenyewe anaweza kufika hapa akanikanusha? Kama hawezi kwa sababu ya gereza, ugonjwa au umbali, niseme, lakini kwa tahadhari, na nimpelekee habari ya niliyoyasema. Kama hawezi kwa sababu yuko jikoni akinipikia, basi ninyamaze, nikamshike sufuria, naye apande jukwaani. Akipanda akasema nisiyoyapenda, hiyo ndiyo dalili kwamba nimempa nafasi ya kweli.

Utamaduni tunaouonyesha wageni kwa ngoma, kanga na sambusa ni wetu, nami sioni aibu nao. Lakini mgeni huona sahani, haoni aliyeiandaa. Kazi ya kumwona aliyeiandaa ni yetu wenyeji, na hakuna wiki ya mataifa itakayotufanyia.

Siku hizi nikialikwa kuzungumza juu ya mambo ya namna hii, huuliza kwanza nani anapika, na kama atapata nafasi ya kusema. Wapo wanaoniona msumbufu. Na nyumbani kwangu je, kukoje? Ndugu msomaji, swali hilo mwulize mke wangu. Nikilijibu mimi, nitakuwa nimerudi palepale jukwaani.